Dereva wa uwanja wa ndege aruhusiwe kusema amepotea

Alasiri ya Novemba 18, 2022, magari ya zimamoto ya uwanja wa ndege wa Jorge Chávez, Lima, nchini Peru, yalitoka kituoni mbio kupima jambo moja: yangetumia muda gani kufika kwenye tukio. Lilikuwa zoezi tu. Hapakuwa na moto wala majeruhi. Gari mojawapo liliingia kwenye njia ya kurukia wakati Airbus A320 ya shirika la LATAM ikiwa kwenye mbio za kupaa, na ndege ikaligonga. Watu wote 108 waliokuwa ndani ya ndege walitoka hai. Wazimamoto wawili walikufa siku ile ile, na wa tatu akafariki baadaye kwa majeraha aliyoyapata. Tume ya Peru iliyochunguza ajali hiyo ilieleza kwamba gari liliingia njiani bila ruhusa ya mnara, lakini haikuishia hapo. Ilitaja pia zoezi lililoandaliwa bila wahusika wote kupanga pamoja, na mazungumzo ya redio yasiyofuata lugha iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kupewa idhini ya kuanza zoezi na kupewa idhini ya kukanyaga njia ya kurukia ni mambo mawili tofauti kabisa, na katikati ya hayo mawili ndipo watu watatu walipopotelea.

Kisa hicho kinapaswa kutusumbua hapa Afrika Mashariki kuliko kinavyotusumbua. Tukizungumzia usalama wa usafiri wa anga, huwa tunamtaja rubani, injini, hali ya hewa na umri wa ndege. Gari hatulitaji. Lakini ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga, lilipokubaliana mwaka 2004 juu ya maana ya kuingilia njia ya kurukia kimakosa, lilitaja vitu vitatu kwa pamoja: ndege, gari na mtu. Mamlaka ya anga ya Marekani nayo hugawa matukio ya namna hiyo katika makosa ya marubani, ya waongoza ndege, na ya magari na waenda kwa miguu. Dereva wa boza la mafuta, wa trekta la kuvuta matela ya mizigo, wa gari la ukaguzi na wa mashine ya kufyeka nyasi, wote wamo kwenye hesabu ya ajali za ndege, wapende wasipende. Hoja yangu ni kwamba tunawachagua, tunawafundisha na kuwaajiri kana kwamba hatari yao ni kuendesha vibaya. Hatari kubwa zaidi ni dereva kuwa mahali asipopajua, au asiporuhusiwa kuwapo, huku akiogopa au akiona haya kulisema hilo redioni. Dereva anayeweza kusimama na kutamka kwamba hajui alipo, bila kukatwa mshahara wala kuchekwa, ana thamani kubwa kuliko taa na mabango yote ya uwanjani. Wengi wa madereva wetu hatujawapa nafasi hiyo.

Aliyezoea kuuona uwanja wa ndege kupitia kioo cha chumba cha kusubiria hudhani ni mahali rahisi kuendesha. Hakuna bodaboda, hakuna mashimo, hakuna matuta. Tatizo linaanzia hapo hapo, kwa kuwa hakuna pia duka, mti, kona wala kibanda cha kumkumbusha dereva amefika wapi. Lami inafanana kila upande. Usiku hubaki rangi za taa tu: buluu kandokando ya viungio, yaani njia zinazounganisha maegesho na njia ya kurukia, kijani katikati yake pale zilipowekwa, nyeupe kandokando ya njia ya kurukia yenyewe. Kabla ya kuifikia njia hiyo kuna mistari minne ya manjano iliyochorwa chini, miwili mizima na miwili ya kukatika, na ile mizima iko upande wa anayetakiwa kusubiri. Pembeni husimama bango jekundu lenye tarakimu nyeupe, kama 06-24 kwa njia ya Jomo Kenyatta, Nairobi. Mafunzo yakiwa mazuri, dereva anajua kwamba akiiona mistari hiyo asiivuke hata kwa tairi moja mpaka mnara umwambie avuke. Lakini lami ikilowa usiku wa masika, mwanga wa taa za gari humetameta juu ya maji na rangi ya chini haionekani. Rangi iliyopauka haionekani hata mchana. Na mstari wenyewe, kwenye njia kubwa zinazotumia mitambo ya kuongozea ndege kutua, huwekwa mita 90 kutoka katikati ya njia. Dereva mgeni hutazama mbele, akaona njia bado iko mbali, akajiona mjinga kusimama pale.

Tupige hesabu ya huo ujinga. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, likitoka mstari wa kusubiri wa upande mmoja hadi mstari wa upande wa pili, linavuka mita 180 na kutumia takriban sekunde 22. Ndege ya abiria inayogusa lami kwa kilomita 250 kwa saa hupita mita 70 hivi kila sekunde. Katika sekunde hizo 22 ingekuwa imekwenda mita 1,500, zaidi ya theluthi moja ya njia ya Jomo Kenyatta ambayo urefu wake unazidi kidogo kilomita nne. Kwa hiyo dereva anayetazama kulia na kushoto, kama tulivyofundishwa sote kuvuka barabara, na asione kitu, hajathibitisha lolote. Ndege itakayomgonga huenda bado ni nukta ya taa angani, tena imechanganyika na taa za mji. Macho hayatoshi kwa kazi hii. Kinachotosha ni ruhusa iliyotamkwa, ikarudiwa neno kwa neno, na mtu wa mnarani akaisikia ikirudiwa.

Vnukovo, Moscow, Oktoba 20, 2014, karibu usiku wa manane, kulikuwa na ukungu. Dereva wa gari la kuondoa theluji alipoteza mwelekeo akajikuta kwenye njia ya kurukia, na ndege ndogo ya Falcon iliyokuwa ikipaa ikamgonga. Christophe de Margerie, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Total, alikufa pamoja na wahudumu wake watatu. Dereva alinusurika. Miaka 30 kabla yake, Oktoba 11, 1984, mjini Omsk, magari ya kukausha lami yaliruhusiwa kuingia njiani kwa sababu ya mvua, kisha mwongoza ndege aliyeyaruhusu akapitiwa na usingizi. Madereva walikuwa wamezima vimulimuli kwa kuwa mwanga wake uliwaumiza macho. Tupolev 154 ikatua juu yao, na watu 178 wakafa, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi wa ardhini. Katika visa vyote viwili palikuwa na muda, hata kama ni mfupi, ambao redio ingeweza kutumika. Wa Vnukovo angesema: sijui nimefika wapi. Wa Omsk wangeuliza: tupo njiani muda mrefu na hatujasikia sauti ya mnara, bado mnatukumbuka? Kimya kwenye redio ya uwanja wa ndege hakimaanishi kwamba mambo ni shwari, lakini mtu aliyezoea kuendesha barabarani, ambako kimya ni jambo la kawaida, hawezi kulijua hilo mpaka afundishwe.

Basi kwa nini dereva hasemi? Jibu la haraka ni elimu ndogo, na ndilo jibu ninalolipinga kwa nguvu zaidi. Dereva hasemi kwa sababu kusema kuna gharama, na gharama hiyo anailipa peke yake. Huduma za ndege ardhini kwa sehemu kubwa hufanywa na kampuni za kandarasi zinazoshindania zabuni, na mshindi huamuliwa kwa bei. Bei ikishuka, kinachopunguzwa ni watu na muda. Wakati wa janga la korona kampuni hizo duniani kote zilipunguza wafanyakazi kwa wingi. Safari ziliporudi mwaka 2022, viwanja vikubwa vya Ulaya vilifurika mabegi yasiyo na wabebaji, kwa sababu wazoefu walikwisha kwenda kutafuta riziki kwingine. Dereva wa mkataba wa miezi michache anajua kwamba ndege ikichelewa kuondoka kutakuwa na maelezo ya kuandika, na dakika za kuchelewa zitatafutiwa mwenyewe. Akisimama kwenye kiungio dakika tatu akiuliza alipo, dakika hizo ni zake. Akibahatisha akafika, hakuna atakayeuliza alipitia wapi. Siku 300 atabahatisha na kufika salama, na kila siku inayopita inamthibitishia kwamba kubahatisha ndiyo kazi yenyewe.

Kuna pia heshima ya vyeo, jambo tunalolijua vizuri sana katika nchi zetu. Ndani ya gari la ukaguzi huwamo mhandisi, meneja, au mgeni wa wizara aliyekuja kukagua mradi wa upanuzi. Mkubwa akisema "twende tu, kule palepale," dereva gani wa ngazi ya chini atamjibu, "Samahani mzee, mnara haujaniruhusu"? Msafara wa kiongozi nao hufika hadi kwenye maegesho ya ndege ukiwa na madereva waliofunzwa kulinda msafara usikatike, wasiojua mistari ya manjano, na wasio na redio ya mnara. Kanuni za kawaida zinataka gari lisilo na kibali liongozwe na lenye kibali, mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni kanuni nzuri, lakini inamtegemea dereva anayeongoza kuwa na ubavu wa kuusimamisha msafara mzima mbele ya bango jekundu, na kuwaacha wakubwa wakae. Tusimlaumu akishindwa, wakati hakuna aliyewahi kumwambia, mbele ya hao wakubwa, kwamba atatetewa akifanya hivyo. Mamlaka za viwanja zinaweza kulimaliza jambo hili kwa waraka wa ukurasa mmoja wenye saini ya mkurugenzi: ndani ya uzio, kwenye gari lolote, dereva mwenye kibali ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu kusimama, na cheo cha abiria wake hakihesabiki. Rubani tulishampa mamlaka hayo, na hatujasikia waziri akilalamika kuambiwa afunge mkanda.

Wapo watakaosema kwamba kumlinda dereva anayekiri ni kulea uzembe. Hofu hiyo ina msingi. Anayeendesha amelewa, anayepita mstari kwa makusudi ili awahi chai, anayeazima kitambulisho cha mwenzake ili aingie, hao waadhibiwe, na waadhibiwe vikali. Lakini fikiria kilichotokea Desemba 26, 2005, kwa safari ya 536 ya Alaska Airlines kutoka Seattle. Chini kabla ya kuondoka, chombo cha kuhudumia mizigo kiliigusa ndege ubavuni. Mfanyakazi aliyekuwa akikitumia hakutoa taarifa wakati huo. Ndege ikapaa, na ilipofika juu kama futi 26,000 ngozi yake ikapasuka pale ilipokwaruzwa, tundu la sentimita 30 likafunguka na hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo. Marubani waliirudisha salama Seattle. Fundi angekwenda kuangalia mkwaruzo ule chini, kwa tochi na kidole, safari ingechelewa na hadithi ingeishia hapo. Kilichoiruhusu ndege iondoke ikiwa imejeruhiwa ni ukimya wa mtu mmoja, na mtu hunyamaza pale anapopima akaona kusema kutamgharimu zaidi. Ukimwadhibu kila anayekiri kugusa ndege hupunguzi migusano, unapunguza taarifa. Baada ya ajali ya Lima, marubani ambao hawakuwa na kosa la kuligonga gari walishikiliwa na polisi kabla ya kuachiwa. Kila dereva na kila mwongoza ndege wa nchi ile aliiona habari hiyo kwenye televisheni, na sina shaka alijifunza somo ambalo hakuna kozi ingelimfundisha: ukisalimika, usiseme sana.

Kwenye maegesho ya ndege hasara ni ya kila siku, ingawa haifiki magazetini. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilikadiria mwaka 2022 kwamba gharama ya ndege kuharibiwa zikiwa ardhini ingeweza kukaribia dola bilioni 10 kwa mwaka ifikapo 2035 kama mambo hayatabadilika. Ngazi, mikanda ya kupakilia mizigo, matrekta, vyote hufika hadi sentimita chache kutoka kwenye ngozi ya ndege, na ndege nyingi mpya zina viungo vya nyuzi za kaboni ambavyo huweza kuumia ndani bila kuonyesha alama kubwa nje. Zamani kibonyeo kilionekana kwa jicho. Siku hizi aliyegonga huenda ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba kuna kitu cha kuangalia.

Pingamizi la pili ni la teknolojia, na linatolewa na watu wenye akili timamu. Wanasema: kwa nini tutegemee ujasiri wa dereva wakati zipo rada za ardhini, vifaa vinavyotangaza mahali gari lilipo, na taa nyekundu zilizozikwa kwenye lami ambazo hazizimwi mpaka mnara uruhusu? Viwekwe, nakubali kabisa, na viwekwe haraka. Lakini tuangalie vilivyofanya kazi na visivyofanya. Linate, Milano, Oktoba 8, 2001: rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi, ile mpya haijafungwa, alama za lami zimefifia. Ndege ndogo ya Cessna ilipita kiungio kisicho chake ndani ya ukungu, na rubani akataja alama aliyoiona chini. Alama hiyo haikuwa kwenye ramani ya waongoza ndege. Ikagongana na ndege ya abiria, na waliokufa ni 118, wakiwamo wanne waliokuwa kazini kwenye jengo la mizigo. Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024: taa nyekundu za kuzuia zilikuwa kwenye matengenezo, na skrini ya mnarani iliyotoa tahadhari kwamba njia ina kitu haikutazamwa kwa wakati. Ndege ya Japan Airlines ikatua juu ya ndege ya walinzi wa pwani. Watu 379 wakaokoka kwa nidhamu ya ajabu, na watano kati ya sita wa ndege ndogo wakafa. Italia na Japani ni nchi zenye fedha na mafundi. Mitambo huharibika, hupelekwa matengenezoni, husubiri vipuri, na siku hiyo kinachobaki ni mtu mmoja na redio. Kinachonishangaza kuhusu Linate ni kwamba aliyepotea alisema. Alitaja alichokiona. Hakuwapo upande wa pili mtu mwenye ramani ya kumwelewa, na kwa hiyo haki ya kusema nimepotea haina maana pasipo wajibu wa kusikilizwa: ramani moja mnarani na garini, alama zile zile, zinazokaguliwa pamoja kila lami inapochorwa upya.

Mwingine atasema kwamba sisi si Tokyo. Ndege zetu ni chache, kwa hiyo hatari ni ndogo. Kitakwimu ana hoja, ila anasahau kwamba ajali ya Omsk na ya Vnukovo zilitokea usiku, uwanja ukiwa umetulia, wakati mnarani na garini watu wamelegea. Uwanja wenye ndege moja kila baada ya dakika mbili humkumbusha dereva hatari bila kukoma. Wenye ndege nane kwa siku humfundisha kwamba njia ni tupu. Anasahau pia kwamba uwanja wa Jomo Kenyatta unategemea njia moja tu, na gari likikwama au kugongwa pale, nchi nzima inakuwa imefungiwa mlango mkuu kwa saa kadhaa. Na nenda kwenye viwanja vidogo vya mbugani, Serengeti au Maasai Mara, ambako kabla ya ndege ya watalii kutua gari hupitishwa njiani kuwafukuza pundamilia na nyumbu. Huko viwanja vingi havina mnara. Dereva wa kambi aliyekuja kupokea wageni, mwenye shati la kaki na redio ya kampuni, kwa dakika kumi hizo ndiye jicho la rubani. Anatakiwa kujua lini aondoke njiani, asimame wapi, asogelee ndege lini (baada ya propela kusimama kabisa, hata kama wageni wanampungia mkono) na aseme nini redioni kama fisi amerudi. Wengi wao wanaifanya kazi hiyo vizuri mno, kwa kurithishana uzoefu. Wangestahili kuifanya wakiwa na cheti chake na posho yake.

Kuhusu magari ya dharura hoja huwa ngumu zaidi. ICAO inataka zimamoto ifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika zisizozidi tatu, na inapendekeza mbili. Atakayesimama kila bango kuomba ruhusa, watasema, atafika kuzoa majivu. Lakini kiwango hicho chenyewe kimewekwa kwa hali ya mwanga mzuri na lami nzuri. Hakijasema dakika tatu kwenye ukungu. Na kasi isiyo na macho inaua hata pale moto ni wa kweli. San Francisco, Julai 6, 2013, baada ya ndege ya Asiana kuanguka wakati wa kutua, msichana wa miaka 16 aliyekuwa amelala chini, amefunikwa na povu, alikanyagwa na magari mawili ya uokoaji. Dharura haiondoi haja ya ruhusa, ila inadai ruhusa ipatikane kwa sekunde mbili badala ya ishirini, na hilo hupatikana kwa mazoezi ya pamoja kati ya kituo cha zimamoto na mnara, ambayo ndiyo yaliyokosekana Lima. Zoezi linalopima kasi pasipo kupima mawasiliano linawafundisha wazimamoto kwamba saa ya mkononi ina nguvu kuliko sauti ya mnara.

Tufanye nini basi? Leseni ya barabarani isihesabiwe kuwa zaidi ya sharti la kuomba. Kibali cha kuendesha ndani kiwe cha uwanja mmoja: aliyekipata Mwanza asikitumie Dar es Salaam bila kupimwa upya, kwa sababu anachopimwa ni kujua mahali. Kigawanywe pia, cha maegesho peke yake na cha kuvuka hadi njiani, kama viwanja vikubwa duniani vinavyofanya, na wa daraja la pili wawe wachache, walipwe zaidi, wawe na ajira isiyokatika kila msimu. Redio zetu za anga huzungumza Kiingereza, na madereva wetu huishi kwa Kiswahili. Hilo halitabadilika kesho, kwa hiyo Kiingereza hicho, ambacho kwa dereva hakizidi sentensi chache, kifundishwe kwa sikio, kwenye kelele za injini, hadi dereva asikie tofauti ya kusubiri na kuvuka akiwa amechoka. Afundishwe na ishara za taa kutoka mnarani kwa siku redio itakapokufa: nyekundu isiyokatika, simama; nyekundu ya kumetameta, ondoka njiani ukiangalia ndege; kijani ya kumetameta, vuka; nyeupe ya kumetameta, toka eneo hilo kama taratibu za uwanja zinavyosema. Mikataba ya kampuni za kuhudumia ndege iwe na kifungu kwamba dakika zilizotumika kusimama na kuuliza mahali hazihesabiwi kwenye ucheleweshaji wa kampuni, kwani bila kifungu hicho meneja wa zamu atakuwa anasema usalama kwanza mdomoni huku jicho liko kwenye saa.

Na mtihani wenyewe ubadilike. Mara nyingi mitihani ya namna hii ni maswali ya kuchagua jibu na mzunguko mmoja wa mchana na mkaguzi akiwa kando. Ningependa mtahiniwa achukuliwe usiku, azungushwe akiwa amefumba macho hadi kwenye kiungio asichokizoea, kisha aachiwe usukani na kuambiwa aende kwenye maegesho, huku mnara ukiwa na habari. Jibu sahihi ni moja: asimame, awashe kimulimuli, abonyeze redio, ataje jina la gari lake, aseme hajui alipo, aeleze taa na mabango anayoyaona, asubiri. Atakayeondoa gari kabla ya kujibiwa afeli, na atakayebahatisha akafika maegesho salama afeli pia.